Kuchanga na kuchangisha: kisa cha dola bilioni 100 za Copenhagen

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 19 Desemba 2009, ukumbi wa Bella Center jijini Copenhagen ulikuwa umejaa watu waliochoka. Mkutano wa 15 wa nchi wanachama wa Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi ulipaswa kufungwa Ijumaa. Rais Barack Obama alikuwa ameshatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mwafaka umepatikana, akapanda ndege kurudi Washington. Lakini wajumbe wengi waliobaki ukumbini hawakuwa wameshirikishwa kuuandika huo mwafaka. Ndipo Waziri Mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen, akaja na karatasi, akawapa wajumbe saa moja waisome na kujadiliana kwa makundi yao, akataka kuahirisha kikao bila kumpa mtu nafasi ya kusema. Mjumbe wa Venezuela, Claudia Salerno, aligonga meza mpaka mkono ukachanika. Akaunyanyua ukiwa na damu, akauliza kama nchi huru inapaswa kujikata ndipo iruhusiwe kuzungumza.

Karatasi ile ilikuwa na aya 12 tu. Wanaosimulia Copenhagen husimulia zaidi kikomo cha ongezeko la nyuzi joto 2 na mvutano wa Marekani na Uchina. Mimi nataka kukaa kwenye aya ya 8, aya ya fedha, yenye zile dola bilioni 100 kwa mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Ndiyo iliyotugusa sisi wa Afrika moja kwa moja, na kitenzi kilichowekwa mle kinatuandama mpaka leo.

Kwanza tuone deni lilivyoandikwa kabla halijaguswa. Mkataba wenyewe ulifunguliwa kwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, na ibara yake ya 4 inasema nchi tajiri zilizotajwa kwenye kiambatisho zitatoa fedha mpya na za nyongeza kuzisaidia nchi zinazoendelea. Kitenzi ni kutoa. Watoaji walitajwa kwa majina mwaka huo: nchi 24, pamoja na jumuiya ya Ulaya. Majina hayo yalitokana na historia. Hewa ukaa ikishapanda angani haishuki upesi, na sehemu ya moshi wa makaa ya mawe uliotoka viwanda vya Uingereza na Marekani karne ya 19 bado ipo juu yetu. Aliyeanza mapema kuchoma ndiye aliyejaza nafasi ambayo wengine wangeitumia. Ndiyo maana mkataba ukasema wajibu ni wa wote, lakini haulingani.

Marekani haikuipenda hesabu hiyo. Julai 1997, miezi mitano kabla ya Itifaki ya Kyoto, makubaliano yaliyozifunga nchi tajiri kupunguza hewa ukaa, Baraza la Seneti lilipitisha azimio kwa kura 95 kwa 0 kwamba nchi hiyo isitie saini makubaliano yoyote yanayoifunga bila kuzifunga nchi zinazoendelea. Tangu siku ile kila mjumbe wa Marekani, awe wa chama gani, ameingia ukumbini akijua kwamba nyumbani kuna wanasiasa wanaosubiri kulikataa chochote atakachorudi nacho. Kisha, kati ya 2006 na 2007, Uchina ikaipita Marekani kwa kiasi cha hewa ukaa inayotolewa kila mwaka, na hoja ya Seneti ikapata nguvu mpya. Ni kweli kwamba kwa kichwa kimoja kimoja Mchina alikuwa bado anachafua kidogo sana kuliko Mmarekani, na kwamba Afrika nzima ilikuwa inatoa karibu 4% tu ya hewa ukaa ya dunia. Lakini siasa za nyumbani hazipigi hesabu kwa kichwa.

Hiyo bilioni 100 nayo ina asili yake. Wengi hudhani wataalamu walikaa, wakajumlisha gharama za kuta za bahari, mbegu zinazostahimili ukame, visima na umeme wa jua, wakapata jumla. Haikuwa hivyo. Juni 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, alitoa hotuba London akataja dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kama kiasi cha kuanzia mazungumzo. Mawaziri wa Afrika kwa upande wao walitaja dola bilioni 67 kwa mwaka za kuhimili athari peke yake. Kundi la G77 na Uchina, yaani muungano wa nchi zinazoendelea, lilitaka michango ipimwe kwa asilimia ya pato la nchi tajiri, ili pato likikua na mchango ukue. Pendekezo hili ndilo lililokuwa na akili kuliko yote, na ndilo lililozimwa mapema kuliko yote. Asilimia ya pato humfunga mtu mmoja mmoja. Kiasi cha pamoja hakimfungi yeyote.

Afrika ilikwenda Copenhagen ikiwa na sauti mbili. Nazitaja zote mbili kwa sababu kila moja ilikuwa na haki yake.

Ya kwanza ni ya Lumumba Di-Aping, Msudani aliyeongoza majadiliano kwa niaba ya G77 na Uchina. Tarehe 8 Desemba gazeti la Uingereza lilichapisha rasimu iliyovuja, iliyoandaliwa kwa siri na Denmark pamoja na wachache. Rasimu ile ingeua mpangilio wa Kyoto na kuwabebesha mzigo wasiohusika. Di-Aping alikutana na wanaharakati wa Kiafrika, akalia mbele yao. Akaeleza kwamba wastani wa nyuzi 2 kwa dunia nzima ni zaidi ya nyuzi 3 kwa sehemu kubwa ya Afrika, na kwamba kuukubali ni kutia saini kifo. Kuhusu dola bilioni 10 zilizokuwa zikitajwa wakati huo, alisema hazitoshi hata kununua majeneza. Tarehe 14 kundi la Afrika likasimamisha ushiriki wake kwa saa kadhaa, likidai Kyoto isizikwe.

Ya pili ni ya Meles Zenawi, Waziri Mkuu wa Ethiopia, aliyeteuliwa na wakuu wa nchi za Afrika kuwasemea. Septemba mwaka ule alitishia kwamba Afrika itatoka ukumbini ikiwa bara litadhulumiwa tena. Lakini tarehe 15 Desemba, siku moja baada ya wajumbe wake mwenyewe kugoma, alikuwa Paris na Rais Nicolas Sarkozy wakitoa tamko la pamoja: nyuzi 2, na dola bilioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kesho yake alisimama Copenhagen akapendekeza fedha zifike bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, akakiri wazi kwamba pendekezo lake litawavunja moyo Waafrika waliodai fidia kamili kwa jina la haki. Alisema anachotafuta ni kinachoweza kupatikana. Mithika Mwenda wa PACJA, muungano wa haki ya tabianchi wenye makao Nairobi, alimjibu kwa ukali kwamba akitaka kuuza maisha ya Waafrika kwa bei ya kutupa ni hiari yake, ila huo si msimamo wa Afrika.

Nimemfikiria sana Meles. Kushuka bei simlaumu, maana kila aliyewahi kukaa mezani na mwenye nguvu kuliko yeye anajua pa kushuka. Alidai pia angalau nusu ya bilioni 100 iende kwenye kuhimili athari kwa nchi maskini na visiwa vidogo, na dai hilo lilikuwa la maana. Kosa lake ni kwamba alishikilia kiasi akaacha kitenzi. Alipata bilioni 100 aliyoitaka, neno kwa neno, na hakuna aliyemwonyesha ni nani atakayeitoa.

Tarehe 17 Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitua Copenhagen akatangaza kwamba nchi yake iko tayari kushirikiana na wengine kufikisha bilioni 100, kwa sharti kwamba Uchina na wenzake wakubali hatua zao za kupunguza hewa ukaa zikaguliwe. Siku iliyofuata Obama aliingia kwenye chumba walimokuwa Wen Jiabao wa Uchina, Manmohan Singh wa India, Lula wa Brazili na Jacob Zuma wa Afrika Kusini. Karatasi ikatoka humo.

Aya ya 8, kwa Kiswahili changu, inasema hivi: katika mazingira ya hatua za maana za kupunguza gesi joto na uwazi katika utekelezaji, nchi zilizoendelea zinajifunga kwa lengo la kuchangisha kwa pamoja dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Fedha hizo zitatoka kwenye vyanzo vingi vya aina mbalimbali, vya umma na vya binafsi, vya nchi kwa nchi na vya mashirika ya kimataifa, pamoja na vyanzo mbadala.

Nimeandika kuchangisha, na watafsiri wengine huandika kukusanya au kuhamasisha. Nashikilia langu, kwa sababu Kiswahili kinatuonyesha hapa tofauti ambayo Kiingereza cha karatasi ile kiliificha. Anayechanga anatoa chake. Anayechangisha anawafanya wengine watoe.

Niliwahi kushika daftari la kamati ya harusi ya mdogo wangu. Nilichora safu nne kwa rula: jina, ahadi, taslimu, baki. Mjomba aliyeahidi laki tano aliandikwa laki tano, na kila alipoleta kidogo nilipunguza kwenye baki mbele yake. Shangazi aliyepita kwa majirani akarudi na laki tatu hakuandikwa kwamba ametoa laki tatu. Kila jirani aliandikwa jina lake, na ahadi ya shangazi ikabaki pale pale ikimsubiri. Tulikopa pia kidogo kwa ajili ya ukumbi, na mkopo ule uliandikwa ukurasa wa nyuma pamoja na madeni, kwa sababu tulijua tutaulipa. Hakuna aliyesomea uhasibu kwenye kamati ile. Lakini usiku wa kufunga hesabu kila mtu aliweza kuuliza swali na likajibiwa kwa kidole juu ya mstari.

Sasa irudie aya ya 8 ukiwa na daftari hilo mkononi. Safu ya jina haipo, kwa maana wanaojifunga wanajifunga kwa pamoja. Ahadi yenyewe imegeuka lengo. Taslimu haijaelezwa, maana haijulikani kama mkopo unahesabiwa sawa na ruzuku, wala kama fedha za kampuni binafsi zinaingia kwa jina la serikali. Kwa hiyo na baki haiwezi kupigwa. Yale maneno “mpya na za nyongeza” hayamo kwenye sentensi ya bilioni 100. Yamebaki upande wa dola bilioni 30 za miaka ya 2010 hadi 2012.

Usiku ule haukuisha kwa makofi. Ian Fry, aliyekuwa akiisemea Tuvalu, alilinganisha fedha zile na vipande 30 vya fedha ambavyo Yuda alilipwa. Di-Aping naye alivuka mpaka, akafananisha karatasi ile na fikra zilizowapeleka Wayahudi milioni sita kwenye matanuru. Kwa kauli hiyo aliwapa nchi tajiri nafasi ya kusimama mmoja baada ya mwingine kuilaani, na hoja yake ya msingi ikapotea humo, jambo linaloniuma kila ninapolisoma. Rais Mohamed Nasheed wa Maldivi, ambaye nchi yake iko hatarini kumezwa na bahari, aliwasihi wenzake waikubali hata kama ni hafifu. Asubuhi ilipofika, mkutano haukuipitisha. Ulikubali tu kwamba umeiona.

Yaliyofuata yaliendeshwa kwa ukimya zaidi. Nchi ziliombwa ziandike barua za kujiunga na mwafaka, na zaidi ya 130 zikaandika. Zilizogoma zilionyeshwa gharama. Aprili 2010 ilijulikana kwamba Marekani imezuia msaada wa tabianchi wa dola milioni 3 kwa Bolivia na milioni 2.5 kwa Ecuador kwa sababu hazikujiunga. Ecuador ilijibu kwamba iko tayari kuipa Marekani hizo hizo milioni 2.5 ikiwa itatia saini Itifaki ya Kyoto. Desemba mwaka huo mkutano wa Cancún, Meksiko, uliingiza bilioni 100 kwenye maamuzi rasmi na kuunda Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao makao yake yako Songdo, Korea Kusini. Bolivia ilipinga peke yake, na mwenyekiti akagonga nyundo.

Kwenye hesabu ndiko kitenzi kilikoonekana waziwazi. Mwaka 2015 OECD, shirika la nchi tajiri zenyewe, lilisema kwamba mwaka 2014 zilifikiwa dola bilioni 62. Wizara ya Fedha ya India ikapitia hesabu hiyo na kudai kwamba zilizotoka kweli kupitia mifuko ya tabianchi ni bilioni 2.2. Sizipendi takwimu zote mbili kwa usawa, kwa sababu ya India nayo ilibana mno. Ila tofauti ya mara 28 kati ya wahasibu wawili haiwezi kutokana na makosa ya kujumlisha. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, kwa kuwa hapakuwa na la pamoja. Ndani ya mwanya huo Japani ilihesabu mikopo ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe nchini Indonesia kama fedha za tabianchi, ikisema mitambo hiyo inachafua kidogo kuliko ya zamani. Waandishi wa Reuters walipopekua taarifa za nchi mwaka 2023, walikuta humo hata mkopo wa kupanua hoteli Haiti na maduka ya chokoleti barani Asia.

Mwaka wa ahadi, 2020, OECD yenyewe ilipata bilioni 83.3. Mwaka 2021 ikawa 89.6. Lengo lilivukwa 2022, kwa bilioni 115.9, miaka miwili baada ya tarehe. Katika fedha za umma za mwaka huo, 69% zilikuwa mikopo na 28% ruzuku. Za kuhimili athari zilikuwa bilioni 32.4, chini sana ya ile nusu aliyoidai Meles. Oxfam, baada ya kuondoa sehemu ya mikopo itakayorudishwa na miradi isiyohusika sana na tabianchi, ilikadiria thamani halisi kuwa kati ya bilioni 28 na 35.

Nisieleweke kwamba hakuna kilichokuja. Mkoa wa Simiyu, Tanzania, ulipitishiwa Euro milioni 102.7 za Mfuko wa Kijani mwaka 2017 kwa mradi wa kuleta maji kutoka Ziwa Viktoria. Mwanamke wa Busega au Bariadi ambaye atafungua bomba badala ya kuchimba mchanga wa mto mkavu hana haja ya mjadala wangu wa vitenzi. Lakini mradi kama huo ndio unaonyesha fedha hizi zingefanya nini kama zingekuja kwa wakati, na kwa kiasi ambacho mipango ya nchi inaweza kukitegemea. Waziri wa fedha hawezi kuandika bajeti ya miaka mitano juu ya lengo la pamoja.

Kuna tarehe mbili za mwaka 2023 ambazo siwezi kuzitenganisha. Tarehe 30 Novemba, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, mfuko mpya wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na majanga ya tabianchi, ulipitishwa na ahadi zikatangazwa papo hapo: Falme za Kiarabu dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17.5, Japani milioni 10. Tarehe 3 Desemba mvua kubwa ilibomoa sehemu ya mlima Hanang, tope na mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai, akakatisha safari. Sisemi kwamba mvua ya siku ile pekee inaweza kuandikiwa jina la nchi fulani. Nasema kwamba waliolala kwenye madarasa ya shule wiki ile walipata blanketi, unga na magodoro kutoka serikalini na kwa Watanzania waliochanga, mfuko ule wa Dubai ukiwa bado una ahadi tu.

Mwaka uliofuata, Novemba 2024, wajumbe walikutana Baku, Azerbaijan, kuweka lengo la kuchukua nafasi ya bilioni 100. Kundi la Afrika liliongozwa na Ali Mohamed wa Kenya, nalo liliingia likidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Kikao kilivuka muda kama Copenhagen. Usiku wa kuamkia tarehe 24 lilipitishwa lengo la bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na trilioni 1.3 ikawekwa kando kama mwito kwa kila mtu, yaani bila mwenyewe. Chandni Raina wa India alisimama baada ya nyundo kugongwa akasema waraka ule ni kiinimacho. Ali Mohamed naye alisema Afrika imesikitishwa sana.

Nimeyaweka maandishi hayo mawili ubavu kwa ubavu, la 2009 na la 2024. Katika la Baku, nchi zilizoendelea zinatajwa kwamba zitatangulia kuongoza, ambalo ni jepesi hata kuliko kujifunga. Kisha linakuja fungu la vyanzo: vyanzo vingi vya aina mbalimbali, vya umma na vya binafsi, vya nchi kwa nchi na vya mashirika ya kimataifa, pamoja na vyanzo mbadala. Ni maneno yale yale ya usiku wa Bella Center, kwa mpangilio ule ule, baada ya miaka 15. Hewa ukaa iliyokuwa chembe 387 katika kila milioni mwaka wa Copenhagen ilikuwa imepita 420.

Januari 2025 Donald Trump aliamuru Marekani itoke tena kwenye Mkataba wa Paris, makubaliano ya tabianchi ya mwaka 2015. Mwezi huo huo uongozi wa kundi la Afrika ukatoka Kenya kwenda Tanzania, kwa Dkt. Richard Muyungi. Wote wawili, aliyetoka na aliyeingia, ni watu wanaoijua tofauti ya kuchanga na kuchangisha tangu utotoni. Ibara ya 4 ya mwaka 1992 haijafutwa. Bado inasema zitatoa, na majina ya nchi bado yako kwenye kiambatisho.